Msianze na jedwali la itifaki, anzeni na ruta inavyochagua njia

Ndugu Mhariri,

Kwenye ukurasa wenu wa barua kuna msomaji ameomba kwamba yale masomo ya netiweki mnayotaka kuanza kuyatoa kwa Kiswahili yafunguliwe na jedwali kubwa la kulinganisha itifaki za kuelekeza njia, zile kanuni ambazo ruta (vifaa vinavyounganisha mitandao na kupitisha data) zinazitumia kuambiana njia, yaani RIP, OSPF, EIGRP, IS-IS na BGP zipangwe zote pembeni kwa pembeni, kila moja na spidi yake, kikomo chake na namba zake, ili anayeanza apate picha nzima tangu siku ya kwanza. Nia yake ni njema na nimefurahi kuona kuna mtu analifikiria jambo hili, ila mi napinga, tena napinga sana, na naomba mnipe nafasi nieleze maana hii ndo kazi ninayofundisha vijana na naona kabisa jedwali la namna hiyo linawafanyia nini.

Vijana wengi wanaokuja kwangu wameshapita kwenye jedwali hilo tayari, chuoni au kwenye kitabu au kwenye pdf waliyotumiana WhatsApp. Ukiuliza RIP mwisho hopu ngapi, yaani ruta ngapi za kupita, anakujibu 15 hujamaliza hata swali. OSPF ile namba ya kuaminika, wenyewe tunaiita AD, ikiwa ndogo ndo inaaminiwa zaidi, ni ngapi? 110. RIP je? 120. EIGRP? 90. Yote anayo kichwani, na mtu akisikiliza kwa mbali anaweza kudhani huyu ni fundi tayari. Sasa chukua karatasi mwandikie mistari mitatu kama ilivyo kwenye ruta: 10.20.0.0/16 inapita 192.168.1.1 na imeletwa na OSPF, 10.20.5.0/24 inapita 192.168.2.1 na imeletwa na RIP, halafu 0.0.0.0/0, yaani kwingine kote, inapita 192.168.3.1 ameiandika mtu kwa mkono. Muulize, paketi, yaani kipande cha data, inakwenda 10.20.5.9, itapita wapi? Karibu wote wanakimbilia mstari wa kwanza, sababu ni OSPF, na OSPF ni 110 na RIP ni 120, na kwenye jedwali OSPF ndo "bora".

Na hilo jibu si sahihi. Paketi itapita 192.168.2.1, kwenye ule mstari wa RIP, kwa sababu /24 inabana zaidi kuliko /16 (namba ya baada ya mkwaju ikiwa kubwa, anwani zinazoingia ni chache) na ruta siku zote inafuata mstari unaobana zaidi, haijali umeletwa na nani. AD inaingia kazini pale tu ambapo itifaki mbili zimeleta mtandao ule ule wenye maski ile ile, yaani ile namba ya baada ya mkwaju, hapo ndo ruta inajiuliza nimwamini nani. Hii kanuni ya mstari unaobana zaidi ndo roho ya kazi yote ya kuelekeza paketi, iko RIP iko OSPF iko BGP, iko hata kwenye ruta ambayo haina itifaki yoyote, na kwa sababu iko kila mahali basi kwenye jedwali la kulinganisha haimo kabisa! Jedwali la kulinganisha linaonyesha tofauti, ndo kazi yake, kwa hiyo kile ambacho itifaki zote zinashirikiana hakina safu. Na mtu anayeanza kitu anachokihitaji kuliko vyote ni hicho hicho zinachoshirikiana.

Mkitaka kuona kwamba hili si jambo la darasani tu kumbukeni kilichoipata YouTube tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan iliagiza YouTube ifungwe ndani ya nchi, Pakistan Telecom wakaitangaza 208.65.153.0/24, kipande cha anwani za YouTube, kwenye ruta zao ili watu wao wakiitafuta YouTube waishie hapo, lakini tangazo likavuja likatoka nje kupitia kampuni iliyokuwa inawabeba, PCCW ya Hong Kong, na ile kampuni ikalipokea ikalisambaza duniani kwa BGP, itifaki ambayo kampuni za intaneti zinatangaziana mitandao. YouTube wenyewe walikuwa wanatangaza 208.65.152.0/22. Sasa /22 ni anwani 1,024 na /24 ni anwani 256, kwa hiyo /24 inabana zaidi, na ruta za dunia nzima zikafanya kazi yao kama zilivyofundishwa, zikapeleka watu wa YouTube Pakistan. Karibu masaa mawili YouTube haipatikani sehemu kubwa ya dunia. YouTube wakajibu kwa kutangaza /24 ile ile na wao, halafu wakaikata wakatangaza /25 mbili ambazo zinabana zaidi tena, na PCCW wakaja wakaacha kulipitisha lile tangazo. Kijana aliyesoma somo moja tu, lile la mstari unaobana zaidi, anaielewa habari hii yote mwanzo mwisho na anaweza kumweleza hata mama yake. Kijana aliyekariri jedwali anajua BGP inatumia TCP mlango 179 na hana la kusema hapo.

Hilo ni moja. La pili ni kwamba vile vyumba vya jedwali vinaonekana vidogo na vyepesi lakini kila kimoja kimebeba somo zima ambalo msomaji hajalisoma. Chukueni hiyo 15 ya RIP. Kwenye jedwali ni namba tu, na anayeanza anaisoma kama udhaifu, aah hii inafika ruta 15 basi, OSPF haina kikomo, kwa hiyo OSPF nzuri. Lakini kwa nini 15? RIP kila ruta inamwambia jirani yake kila sekunde 30 mitandao inayoijua na iko mbali hopu ngapi, basi, hakuna ruta inayoona ramani nzima, kila moja inaamini ilichoambiwa. Sasa ruta A imeshika mtandao fulani na B iko jirani yake. Mtandao wa A ukakatika. Kabla A haijamwambia B, B inatuma taarifa yake ya kawaida inasema mi naufikia ule mtandao kwa hopu 2, (aliujua kupitia A huyo huyo, lakini A hajui hilo), A anasema kumbe kuna njia kwa B, basi mi nitakuwa hopu 3, anamwambia B, B anasema kama A ni 3 basi mi ni 4, A 5, B 6, zinaendelea kudanganyana hivyo na paketi zinarushwa kwenda na kurudi katikati yao. Ndo maana wakaweka kwamba ikifika 16 maana yake haifikiki, tuache. Na kuna dawa nyingine waliongeza, kwamba usimrudishie jirani habari aliyokupa mwenyewe, ila hizo hazizibi matundu yote hasa ruta zikiwa tatu zimezunguka. Kwa hiyo 15 ni breki, na sababu ya kuwepo breki ndo inayokufanya uelewe kwa nini watu wakatafuta njia nyingine kabisa ya OSPF ambapo kila ruta inachora ramani nzima ya eneo lake halafu inajipigia hesabu ya njia fupi yenyewe. Mtu akipita kwenye hiyo hadithi ya A na B kwa kalamu na karatasi, tofauti ya RIP na OSPF anaiona mwenyewe, hakuna haja ya kumpa jedwali. Akipewa jedwali kabla, hiyo hadithi hataitafuta maana anadhani anaijua.

Tena vyumba vingine vinadanganya, samahani kwa neno kali lakini ndo ukweli. Karibu kila jedwali linasema RIP inahesabu hopu na OSPF inaangalia spidi ya laini. Nusu ya kwanza sawa. Ya pili fungueni RFC 2328 ya 1998, ndo waraka wa OSPF toleo la 2, mtaona gharama ya kila laini inawekwa na msimamizi wa netiweki, waraka haujaamuru iwe spidi. Cisco ndo wameamua kwenye ruta zao kuipiga gharama kutokana na spidi, wanachukua megabiti 100 wanagawanya kwa spidi ya laini, na kwa sababu gharama haiwezi kushuka chini ya 1 basi laini ya megabiti 100, laini ya gigabiti 1 na laini ya gigabiti 10 zote zinatoka gharama 1 mpaka mtu abadilishe ile megabiti 100 ya msingi. Na kwenye MikroTik, ambayo ndo ruta utakayoikuta kwenye minara ya kampuni nyingi ndogo za intaneti huku kwetu, gharama haitoki kwenye spidi, unaiandika mwenyewe. Sasa fikiria kijana ameajiriwa, anakuta site ina faiba ya gigabiti na redio ya akiba ya megabiti 100 zote zinakwenda sehemu moja, na trafiki nusu inapita redio, wateja wanalalamika video zinakatakata. Jedwali limemwambia OSPF inaangalia spidi, kwa hiyo gharama haziangalii, anakwenda kupanda mnara kukaza antena! Angefundishwa OSPF yenyewe polepole, kwamba ni kujumlisha namba zilizoandikwa kwenye kila laini na njia yenye jumla ndogo inashinda na zikilingana trafiki inagawanywa, kitu cha kwanza angeuliza ni hizo namba zimeandikwaje.

Hata hizo AD wanazozikariri kama amri za Mungu ni chaguo la mtengenezaji wa boksi, yaani wa ruta yenyewe. Kwenye Cisco BGP ya nje ni 20, OSPF ni 110, kwa hiyo mtandao ule ule ukija kwa njia zote mbili BGP inashinda. Nenda kwenye ruta za Juniper, OSPF ya kawaida ya ndani ni 10 na BGP ni 170, kwa hiyo OSPF inashinda. Umebadilisha boksi tu na mshindi kabadilika. Jedwali lenye 90, 110, 120 lingepaswa liandikwe juu kabisa kwamba hizi ni za Cisco, na wengi hawaandiki, na mtu anakwenda nazo hivyo hivyo mpaka kazini.

Na EIGRP nayo, kila jedwali utakuta "ya Cisco peke yao". Cisco waliifungua, ikachapishwa kama RFC 7868 mwaka 2016, japo kusema kweli mpaka leo ukiikuta mahali mara nyingi ni kwenye boksi zao. Majedwali yananakiliwa kutoka moja kwenda jingine na hakuna anayerudi kuyapitia.

Kuna kitu kimoja tu ambacho mi nakubali kabisa kilinganishwe mwanzoni, na hicho nitakitetea kwa nguvu zangu zote, nacho ni ndani na nje. Ndani ya netiweki ya kampuni moja, ambapo mwenye ruta ni mmoja na anaziamini ruta zake zote, kuna itifaki za ndani kama OSPF na IS-IS, kazi yake ni kutafuta njia fupi. Kati ya kampuni na kampuni, ambapo kila mtu ana mali yake na mikataba yake na siri zake, kuna BGP, na kazi yake ni kubeba maamuzi, nani nampitisha, nani simpitishi, trafiki yangu naipeleka kwa nani kwanza. Ukiziweka OSPF na BGP kwenye jedwali moja na safu ya "spidi ya kujirekebisha" halafu ukaandika OSPF haraka na BGP taratibu, umemfanya msomaji aamini kwamba hivi ni vitu viwili vinavyogombea kazi moja na BGP imeshindwa. Ni sawa na kulinganisha daladala na meli kwa spidi. Nimewahi kuulizwa na kijana mwenye akili kabisa, kama OSPF ina kasi kiasi hicho kwa nini intaneti nzima isihamie OSPF, na swali lake lilikuwa la haki kabisa ukiangalia alichofundishwa.

Mfano wa kumfungulia mtu macho hapo tunao hapa hapa Afrika Mashariki, wala hatuhitaji kwenda mbali. Kabla ya 2000 kampuni mbili za intaneti zote ziko Nairobi, mteja wa hii akimtumia imeili mteja wa ile ya mtaa wa pili, hiyo imeili inapanda setilaiti inakwenda nje ya bara na inarudi tena kwa setilaiti, inalipiwa kwa dola kwenda na kurudi, na safari moja inazidi sekunde nzima. Hakuna itifaki iliyokuwa mbovu hapo. Kilichokuwa hakipo ni mahali pa kukutana na makubaliano ya kupeana trafiki. Novemba 2000 wakafungua KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki, Telkom Kenya wakapeleka malalamiko kwamba trafiki ya nje ni haki yao peke yao, kikafungwa, kukawa na mvutano, kikafunguliwa tena Februari 2002, na safari ile ikashuka ikawa chini ya milisekunde 100. Dar es Salaam nasi tukapata TIX yetu, Kampala na Kigali wakawa na vya kwao. Kampuni zikikutana kwenye kituo kama hicho zinatangaziana mitandao yao kwa BGP, kila moja ikiamua itamtangazia nani nini. Msomaji akisikia habari hii anaelewa BGP ni ya nini kabla hajaona komandi hata moja, na hatakaa aifananishe na RIP.

Najua watakaosema, mbona kwenye usaili wanauliza tofauti ya OSPF na EIGRP? Ni kweli wanauliza, na kijana anayetafuta kazi ana haki ya kujiandaa, lakini hayo ni maandalizi ya usaili, yapewe siku yake baadaye, yasibebeshwe somo la kwanza la mtu ambaye hajawahi kuona paketi ikipotea. Na kama mnataka kusikia kutoka kwa Cisco wenyewe, mtihani wao wa CCNA, ule wa mafundi wanaoanza, uliobadilishwa Februari 2020 kwenye upande wa kukonfigi njia umebakiza njia za kuandika kwa mkono na OSPF ya eneo moja, EIGRP wakaitoa, RIP wakaitoa, BGP nayo wakaisogeza mbele kwenye ngazi za juu. Watu ambao EIGRP ni mtoto wao wa kumzaa wameona anayeanza aijue itifaki moja vizuri. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili, kwa wasomaji ambao wengi wao hili ndo litakuwa somo lao la kwanza kabisa katika lugha wanayoiota usiku, tunataka kuwarundikia tano?

Kulinganisha ni kazi ya mtu anayechagua. Injinia anayejenga netiweki mpya ya kampuni, ana bajeti mezani, anajua ana ruta za watengenezaji watatu na minara mingapi na watu wangapi wa zamu ya usiku, huyo anahitaji mlinganisho tena wa kina sana, kurasa kwa kurasa, na mkiandika somo hilo mbele ya safari mi nitakuwa wa kwanza kulisoma. Anayeanza hachagui chochote. Anafika kazini anakuta OSPF inakimbia tangu hajaajiriwa, anaambiwa mteja wa Kihonda hapati mtandao, angalia. Anachohitaji ni kuusoma mstari kama huu, O 10.0.3.0/24 [110/3] via 10.0.12.2, na ajue O ni OSPF, 110 ni ile AD ya boksi hili, 3 ni jumla ya gharama mpaka kule, na 10.0.12.2 ndo jirani wa kumkabidhi paketi, kisha aende kwa huyo jirani naye amuulize swali lile lile, na anayefuata, mpaka apate ruta ambayo mstari haupo. Nusu ya matatizo ninayoyaona yanapatikana kwa kutembea hivyo tu, na nusu ya hayo tatizo liko njia ya kurudi, paketi inafika vizuri kabisa ila ruta ya mwisho haijui njia ya kurudi kwa aliyetuma, na hilo nalo hakuna jedwali linalolisema.

Kwa hiyo Ndugu Mhariri, ombi langu kwenu na kwa atakayeandika masomo hayo ni hili. Anzeni na ruta mbili na leptopu mbili, njia ziandikwe kwa mkono, msomaji asahau makusudi njia ya kurudi aone ping, ile komandi ya kujaribu kama upande wa pili unafikika, inavyokaa kimya, aiandike aone inavyojibu. Kisha mstari unaobana zaidi, kwa mifano mingi, mpaka achoke. Ongezeni ruta ya tatu waunganishe pembe tatu, wawashe OSPF, wachomoe kebo na waangalie njia ikihama, halafu waweke swichi katikati wachomoe upande wa pili, waone ruta inakaa mpaka sekunde 40 ikimsubiri jirani ambaye hayupo tena kabla ya kukubali, na wajiulize kwa nini safari hii imechelewa na ile ya kwanza haikuchelewa. Haya yote yanafanyika bure kwenye kompyuta ya kawaida kwa FRRouting, programu inayoifanya kompyuta ifanye kazi ya ruta, mtu hahitaji kununua boksi lolote. Baada ya hapo ndani na nje, KIXP na TIX, na YouTube ya 2008. RIP iwekwe kama hadithi ya A na B tu. EIGRP na IS-IS zitajwe kwa sentensi moja kwamba zipo na zitakuja.

Na kama mhariri wa ukurasa akiona lazima jedwali liwepo kwa sababu ya yule msomaji na wengine wanaofikiri kama yeye, basi liwekwe somo la mwisho, na kila namba iandikwe pembeni ni ya boksi la nani.

Wenu,
Mwalimu wa netiweki, Morogoro